Maji ya Moto kwa Baba

Kapu limefika kila mahali? Wewe kaka wa nyuma mwenye fulana ya njano, naona mfuko wako unawaka. Tia simu humo, bwana, utaikuta, haitaolewa. Mwenyekiti amenipa ruhusa ya kusema, nami nimemwambia sifungui mdomo mpaka simu zote ziwe kapuni. Ninayotaka kuyasema si ya kurekodiwa katika mji huu. Wala katika mji wowote ninaoujua.

Haya. Walioitikia salamu nimewasikia, na wa Bwana asifiwe nanyi nawaona. Sitataja jina la mtu. Aliyekufa amekufa na heshima yake, na aliye hai hajanipa ruhusa ya kulitaja.

Mnanijua mimi ndiye mwosha wenu. Akifa mwenzetu wa Kiislamu hapa Dubai, hana ndugu wa karibu, mnanipigia mimi. Naomba ruhusa kazini, nakwenda, namwosha, namvisha sanda. Nimesikia mnavyosema, yule Mtanga ana moyo wa chuma, hashtuki. Ndugu zangu, nawaambia leo mjue: baba yangu mzazi nilikataa kumwosha. Nilisimama hatua nne kutoka kitandani pake, nikasema sitaki kumgusa. Nilisema kwa sauti, watu wakasikia.

Nyamazeni kwanza, nitafika huko. Mambo haya nisipoyasema kwa mpango nitakimbia katikati.

Nimezaliwa Tanga. Mama aliondoka nikiwa na miaka miwili, akaenda kuolewa Pangani. Simlaumu, na leo si siku yake. Baba akanilea peke yake, fundi umeme wa magari, mikono imejaa grisi, lakini asubuhi anavua shati, ananiweka kwenye beseni la buluu na kuniogesha. Maji anayapima kwa kiwiko, kama wafanyavyo akina mama. Na lazima yawe ya moto. Tanga joto lile mnalijua, lakini yeye maji ya baridi hayagusi. Mtaani wakamwita Maji Moto. Akipita wanamwambia, "Maji Moto, birika limechemka?" naye anajibu, "Njoo nikuunguze," anakwenda zake.

Watu walimuuliza, mbona huoi? Anawaonyesha mimi, "Nimeshaoa hili hapa, linakula kuliko mke." Nilikuwa nacheka. Mtoto anajua nini?

Alikuwapo rafiki yake, fundi mwashi, mimi nikimwita Ami. Nyinyi wa bara mseme baba mdogo. Kila Ijumaa Ami anakuja na samaki, baba anapika, tunakula sahani moja. Ami ndiye aliyenifundisha baiskeli. Ami ndiye aliyekwenda shuleni mwalimu aliponipiga nikavimba sikio. Sikuwahi kujiuliza kwa nini mwanamume yule naye hana mke. Nilikuwa na baba wawili, nikaona ni bahati yangu tu.

Nikiwa na miaka kumi na mitano baba akapata kazi hapa, gereji moja ya Ras Al Khor. Akaniacha kwa shangazi. Nilipofika ishirini na mbili akamwomba arbab wake, mwenye gereji, na mimi nikaletwa nifanye naye kazi. Tukalala chumba kimoja cha kambi ya wafanyakazi, Muhaisnah, watu wanane, yeye kitanda cha chini, mimi cha juu. Birika la umeme lilikuwa marufuku chumbani. Baba analo, kalificha ndani ya kasha la taa za gari. Mnacheka. Wallahi hata mimi nilicheka.

Sasa hapa hakuna asiyejua habari ya medikali. Visa ikikaribia kwisha unakwenda kutolewa damu. Ukionekana na virusi vya ukimwi hakuna mjadala, khalas, unarudishwa kwenu. Baba alikuwa ameshapita medikali mara kadhaa. Ile ya mwisho akaenda asubuhi, ameniambia, "Niwekee chai." Kesho yake wakamwita arudie kipimo. Hakurudi chumbani. Mandubu wa kampuni, yule anayeshughulikia karatasi zetu, akanipigia: "Lete begi la baba yako, la kijivu." Nikalipeleka mpaka getini, likapokelewa. Nikauliza kuna nini, wakaniambia yalla, nenda kazini.

Siku tatu baadaye akanipigia kutoka Tanga. Nilikuwa chini ya gari, nimelala chali, simu nimeiweka kifuani. Akasema, "Mwanangu, nina virusi. Na kuna jingine, nataka ulisikie kwangu kabla ya kulisikia kwa watu. Ami yako si rafiki yangu tu. Sikuwahi kupenda mwanamke. Ndivyo nilivyo, na ndivyo nilivyokuwa siku zote nilipokuwa nakulea."

Unajua nilimjibu nini? Nilimwambia, "Usinipigie tena." Nikakata.

Naona mzee wangu pale amekunja uso. Kunja tu, baba, sikukatazi, na mimi niliukunja zaidi yako. Nilihisi nimetiwa tope mwili mzima. Kila Ijumaa ya samaki nikairudia kichwani, naichafua. Kila nilipochekwa gerejini hata kwa jambo dogo, naona wamejua. Nilikwenda chumbani nikalitoa birika ndani ya kasha nikalitupa kwenye pipa la taka la nje.

Hakunipigia tena, kwa kuwa nimemkataza. Akawa ananitumia ujumbe wa sauti. Mmoja, wa pili, wa tatu. Sikuufungua hata mmoja. Wala sikuufuta, sijui kwa nini. Shangazi ndiye aliyenieleza baadaye kwamba hospitali walimpa dawa, lakini hospitali yenyewe ni ya mtaa, na muuguzi wa dirisha la dawa ni jirani yake. Baba akaona haya kupanga foleni pale. Mwezi wa kwanza akaenda, wa pili akatuma mtu, wa tatu akaacha. Ami anamgombeza, analia, anamwambia twende mji mwingine. Baba anasema nitakwenda, nitakwenda. Kikamwingia kifua kikuu. Dawa zilikuwepo, ndugu zangu. Bure. Aliyekuwa akimwua ni jicho la jirani, na ukimya wa mtoto wake.

Shangazi akapiga simu: "Baba yako katutoka. Watu wanataka kuzika, nimewaambia wamngoje mwanawe." Maana kwetu, baba akifa, mtoto wa kiume ndiye wa kwanza kuitwa aingie kuosha. Si lazima ajue. Yuko mwosha wa kumwelekeza. Lakini mkono wa kwanza ni wa mwana. Wakamlaza mochwari usiku mzima wakinisubiri mimi. Mkumbuke hilo. Maiti ilisubirishwa kwa ajili yangu.

Nikafika adhuhuri. Uani kwa shangazi wamefunga mashuka kuzunguka, kitanda cha kamba katikati, shimo la kupokea maji limechimbwa chini yake, ndoo zimepangwa. Watu wamejaa lakini wamekaa mbali, kila mtu kabana ukuta. Habari ilishaenea, ile ya ugonjwa. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Kilio kilimfichua baba, ni kweli, lakini siku ile kilinifichua mimi zaidi.

Mwosha mzee wa msikiti akasema, "Mwana aingie." Nikaingia ndani ya shuka. Nikamwona. Baba yangu aliyekuwa anainua injini na wenzake wawili amekuwa mwembamba hadi miguu yake siijui. Alikuwa amefunikwa kitambaa cheupe kutoka kitovuni hadi magotini. Mwosha akanipa glavu na kopo. Nikalitazama lile kopo.

Nikasema, "Siwezi."

Shangazi nje ya shuka akasikia. "Huwezi nini? Si baba yako?"

"Sitaki kumgusa."

Mwosha akatoka nje kutafuta wa kumsaidia. Akamtazama huyu, huyu akatazama chini. Akamtazama yule, eti ana jeraha kidoleni. Mwingine ana udhu, hataki kuuharibu. Wanaume waliokula wali wa baba yangu, waliotengenezewa magari bure na baba yangu! Nami nimesimama pale, na nyuso zao zilikuwa uso wangu.

Ndipo Ami akatoka kule nyuma kabisa, alikokuwa amekaa kama mtu wa kupita. Hakuwa na haki ya kulia mbele za watu, mnaelewa? Mjane hukaa eda, watu wakampa pole. Yeye hakuna aliyempa mkono. Akakunja mikono ya kanzu, akasema, "Mimi nitamwosha." Akapita ubavuni mwangu. Hakunitukana. Alinigusa bega tu, kama mtu anayeomba njia.

Nikatoka nje ya shuka. Nikasikia anatia mkono kwenye ndoo, kisha anasema kwa sauti: "Haya maji ya baridi. Leteni ya moto. Huyu hapendi maji ya baridi."

Niacheni kidogo.

Asante, maji yanatosha.

Ilibidi wangoje birika lichemke. Maiti ilisubiri tena, mara hii kwa ajili ya mtu aliyempenda. Kisha nikasikia maji yanamwagika, kopo baada ya kopo, na Ami anazungumza naye polepole, geuka bwana, inua mkono, karibu tunamaliza. Nilizika, nikapanda basi, nikapanda ndege, nikarudi hapa hapa. Sikumuaga Ami.

Sasa sikilizeni nilivyoanguka. Nyinyi vijana hasa.

Nilianza kuogopa. Nilikuwa nimekunywa kikombe kimoja na baba, nimekata kucha kwa kikatio chake, nimelala kitanda cha juu yake miaka mitatu. Nikajiambia, nami ninao. Nikikohoa, ninao. Nikipungua, ninao. Siku ya medikali yangu ikatajwa. Asubuhi ile basi la kampuni likaja, wenzangu wakapanda, mimi nikachukua begi nikatokea mlango wa nyuma. Nikakimbia kazi ili nisitolewe damu. Pasipoti ikabaki kwa kafeel, mdhamini wangu, visa ikafa. Nikawa khaliwali, mtu asiye na karatasi, akiona gari la polisi anajificha nyuma ya nguzo.

Nikaishia kuosha magari kwenye maegesho ya chini ya ardhi, kule kwenye maghorofa ya JLT. Ndoo na kitambaa. Ee, tazameni Mungu alivyonikalisha chini: niliyekataa kumwosha baba yangu nikawa naosha magari ya watu nisiowajua, nayabembeleza, nayakausha masikio. Maji yenyewe ya baridi. Nililala stoo moja ya vyuma chakavu Ras Al Khor. Mwili wangu sikuuosha. Nikiyaona maji yanatiririka namsikia Ami. Nikaacha kuswali, kwa kuwa siwezi kutawadha. Pombe nikaijua. Nilikonda, na kadiri ninavyokonda ndivyo ninavyopata uhakika kwamba nakufa. Kuna asubuhi nyingi niliamka nikakasirika kwamba nimeamka. Nilitamani kufa, nasema wazi. Kilichonizuia ni kujiuliza: nikifa, nani ataniosha? Sikumpata mtu.

Yuko dada mmoja wa Kenya, mlinzi wa maegesho yale. Yupo hapa, ameinamisha kichwa, anajua namsema yeye. Alinikuta nimelala kati ya magari mawili. Nikamwambia, dada, nihurumie, usiniripoti. Akaziba pua. "Sitakuripoti. Lakini unanuka, aki ya nani! Leo utaoga, ama nikuripoti?" Akanifungulia bafu la walinzi. Nikasimama mlangoni, sikuweza. Akauliza, "Shida ni gani na maji?" Nikakaa sakafuni nikamwambia yote. Kwa mtu nisiyemjua, Mkristo wa Nakuru, mwenye redio ya mkononi inayokoroma kiunoni. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakusema baba yako alikuwa mwenye dhambi, wala hakusema hakuwa. Aliuliza neno moja tu: "Na zile voisi za babako, bado unazo?"

Nikamwambia ninazo.

"Basi tusikize. Mimi nitakaa hapa."

Zilikuwa kumi na moja. Nilingoja laana, ndugu zangu. Nilikuwa nimekaza tumbo kama mtu anayesubiri ngumi. Ujumbe wa kwanza baba anasema leo tumekula ugali na dagaa, Ami yako kauunguza. Wa pili, mvua imenyesha, paa la shangazi linavuja, nimepanda nikaliziba. Wa tano anakohoa, anaomba radhi kwa kukohoa. Wa nane anauliza birika langu unalitumia? Usilichomeke karibu na godoro. Hivyo tu. Mambo ya nyumbani. Na wa kumi na moja, sauti imekwisha, unasikia pumzi kuliko maneno:

"Mwanangu, sikutafuti kukuudhi. Medikali yako inakaribia, nimehesabu. Usiogope. Nimemuuliza daktari kwa ajili yako. Kikombe hakiambukizi. Kulala chumba kimoja hakuambukizi. Nenda kapime, usikimbie kama mimi. Na ukikutwa nao, meza dawa, nami ni baba yako vilevile. Haya. Oga maji ya moto."

Aliutuma siku tisa kabla hajafa. Nilikuwa nao mfukoni siku niliyotoroka kupitia mlango wa nyuma. Nilikuwa nao mfukoni mwaka mzima na ushei nikijificha nyuma ya nguzo, nikioza. Jibu la hofu yangu lilikuwa kwenye simu yangu mwenyewe, kwa sauti ya mtu niliyemkatia simu.

Nililia mpaka dada akafunga mlango nisisikike juu. Kisha akanifungulia bomba, la moto, akatoka. Nikaoga.

Mengine mnayajua, kwa kuwa ni nyinyi mlioyafanya. Alinileta katika chama hiki. Mlinitafutia njia ya kurekebisha karatasi, mkanisindikiza ofisi hadi ofisi. Nikatolewa damu. Nikatoka salama. Msipige makofi. Ningetoka nao, ningekuwa mtu yuleyule, na mngenipoteza kwa ndege ya kesho yake kama baba. Wapo waliokwenda hivyo, na viti vyao hapa mnavijua.

Kisha mnaikumbuka ile Ijumaa mwenyekiti aliposimama akasema mwenzetu mmoja amefariki, hana ndugu, na alikuwa na maradhi yale. Nani atakwenda kuosha? Mkatazama chini. Msinune, mlitazama chini, niliwaona, maana nilikuwa nazitafuta zile nyuso. Ua wa shangazi ulikuwa umehamia humu ndani. Nikainua mkono bila kujijua. Nilipofika mbele ya yule mtu, nikatia kidole kwenye maji, nikamwambia mhudumu, ndugu yangu, hamna ya moto?

Baada ya hapo ndipo nilipopata ujasiri wa kumpigia Ami. Miaka miwili sikumsemesha. Nikamwambia, Ami, ni mimi, nisamehe. Akasema, "Nilipomwosha, kopo la kwanza sikuhesabu kuwa langu. Nilisema, hili la mwanao, amechelewa njiani."

Amechelewa njiani. Hivyo ndivyo alivyonisemea kwa baba yangu.

Ami naye ana virusi, ameniruhusu kulisema hilo. Dawa anameza kila siku, alikuwa akipanda basi kuzifuata mji mwingine, na havikumwangusha. Kilichomwangusha ni kiharusi, mwezi uliopita. Upande mmoja umelala. Hana mke, hana mtoto, na ndugu zake wanamwachia sahani mlangoni. Shangazi ananiambia hajaogeshwa wiki ya pili sasa, anafutwafutwa tu.

Kwa hiyo leo sikuja tu kutoa ushuhuda, nimekuja na kuaga. Kazi nimeiacha. Arbab wangu wa sasa amenipigia kelele, una wazimu, watu wanalilia visa wewe unaitupa? Nikamwambia baba yangu mgonjwa. Akasema faili linaonyesha baba yako amekufa. Nikamwambia ninaye mwingine.

Nakushukuru dada wa Nakuru uliyeziba pua na hukuondoka. Nakushukuru mwenyekiti na nyote mlionisindikiza. Kuosha tafuteni wengine, na safari hii msitazame chini. Kama una mtu umemkatia simu, mpigie leo ukitoka hapa, kwa sababu udongo haupokei simu. Na kama una ujumbe hujaufungua, wewe kaka wa fulana ya njano, au yeyote, kaufungue.

Naondoka kesho. Beseni nitanunua Tanga, la buluu nikilipata. Maiti nimeosha wengi, wote wametulia, hakuna aliyewahi kuniambia kitu. Ami nataka nimuogeshe akiwa hai, nipime maji kwa kiwiko, nikikosea anigombeze kwa ule mdomo wake uliopinda kwamba yamepoa.